Vitabu vya Tabora na duka la sukari

Karne ya 19 Tabora iliishi kwa mizigo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, pembe za ndovu zikiwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, na mji ukapanuka hadi kuwa huu wa leo wenye kata za Gongoni, Kanyenye na Chemchem. Reli ilipofika mwaka 1912, mpagazi alipoteza kazi. Kilichorudisha jina la Tabora midomoni mwa watu nchi nzima kilikuwa shule.

Waingereza walianzisha Shule ya Serikali ya Tabora miaka ya 1920, wakiwalenga hasa watoto wa machifu. Walitawala kupitia machifu, kwa hiyo warithi wa machifu wafundwe mapema: Kiingereza, nidhamu ya bweni, adabu za shule za wakubwa wa kwao. Maktaba nayo ilikuwepo, na huko hesabu zao zilikwenda kombo.

Mwaka 1937 aliingia Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyekuja kuwa Rais Julius Nyerere. Alikinoa Kiingereza chake kwa vitabu vya maktaba ile. Aliposoma kitabu cha Baden-Powell juu ya uskauti, alishiriki kuanzisha kikosi cha skauti pale pale shuleni. Midahalo ilikuwa uwanja wake. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, lakini mwalimu mkuu alikataa. Kijana huyu, alisema, ni mpole mno. Wakoloni waliokuja kubishana naye baadaye wangekuwa na lao la kusema.

Kitabu kilichochimba ndani zaidi alikutana nacho akiwa Chuo cha Makerere, Uganda. Mwaka 1869 Mwingereza John Stuart Mill alichapisha hoja zake dhidi ya kukandamizwa kwa wanawake. Wengi wangezikariri wakajibia mtihani. Nyerere alizibeba hadi Uzanaki, akazipima kwa maisha ya wanawake wa kwao, na insha aliyoiandika ikashinda shindano la uandishi. Tukumbuke alikotoka: baba yake alikuwa na wake 22, na mama yake, Mugaya, alikuwa wa tano. Yeye mwenyewe alikuwa ameposewa mke na babaye, binti akiwa bado mtoto mdogo. Mill alikuwa akiandika juu ya Uingereza. Insha ya Nyerere ilibisha hodi nyumbani kwao.

Alirudi Tabora kufundisha historia na biolojia katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's. Jioni aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza, bila malipo, na kuzungumza nao siasa. Kwa muda mfupi alikuwa mkaguzi wa bei wa serikali: anaingia dukani, anauliza bei, anaandika ripoti ya waliolangua. Wakubwa walipozipuuza ripoti, aliacha kazi. Tawi la Tabora la chama cha Tanganyika African Association (TAA), ambalo yeye alikuwa mweka hazina wake, lilifungua duka la ushirika la kuuza sukari, unga na sabuni. Huu ndio ukurasa wa maisha yake usiosimuliwa sana, nao una uzito zaidi kuliko hotuba nyingi. Pamoja na rafiki yake Andrew Tibandebage alishughulikia pia kuandika upya katiba ya TAA. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh.

Wahitimu wa Tabora waliigeuza nchi kwa namna ambayo waanzilishi wa shule hawakuiagiza. Mwaka 1963 serikali ya Nyerere ilifuta utawala wa machifu, ingawa Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, aliyepitia Tabora na Makerere kama yeye, alikuwa mmoja wa mawaziri wa mwanzo wa Tanganyika huru. Mwaka huohuo tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caezar*, ilichapishwa, na wanafunzi wakasoma kwa Kiswahili kisa cha wakubwa wanaouana kwa ajili ya madaraka. Madarasa ya jioni nayo yalikua: mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima.

Suala la wanawake, lile la insha ya Makerere, nalo liliingia kwenye sheria: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilidai ridhaa ya wote wawili wanaooana. Hata hivyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa mzazi akikubali, huku mvulana akitakiwa kufika 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo vinakiuka katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.