Mdudu Aliyekausha Misaiprasi

Wasikilizaji, mtu wa Bugarama huujua mti kwa kazi yake: nguzo za nyumba, kuni, kivuli cha mifugo. Pengine atauliza, habari za msaiprasi, mti wa milimani kwenye baridi, zamhusu nini? Zamhusu, kwa maana yaliyoupata mti ule yaweza kuupata mti wo wote upandwao safu kwa safu, wa aina moja tu.

Msaiprasi ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika. Mabwana miti wa Kenya walipenda kwanza aina ya California, iliyokua upesi. Kisha ikaingiwa na donda la gome, ugonjwa uletwao na kuvu. Basi wakaigeukia aina ya Mexico, iliyostahimili zaidi. Nayo ndiyo iliyopandwa hata Shume, Meru na Kilimanjaro. Ikadhaniwa shauri limekwisha.

Katika mwaka wa 1986 kidukari mgeni alionekana Malawi. Mwaka wa 1988 alikuwa Tanzania, na 1990 Kenya. Hukaa makundi kwa makundi juu ya vijitawi, hunyonya utomvu, na majike huzaa bila dume. Majani hugeuka rangi ya hudhurungi, na mti waweza kufa. Ua la misaiprasi mbele ya nyumba lilikauka sawa na shamba la Serikali. Na nani awezaye kunyunyiza dawa juu ya miti mirefu, maelfu ya ekari?

Watafiti wakauliza jambo jingine: huko kwao, ni nani amzuiaye mdudu huyu? Ulaya walimpata nyigu mdogo sana, atagaye yai ndani ya mwili wa kidukari. Buu humla, likabaki ganda kavu. Nyigu hao walifunguliwa Malawi mwaka wa 1994. Ajabu ni kwamba mwaka wa 1999 ndipo wataalamu walipotambua kuwa kidukari huyo ni aina ya peke yake, wakampa jina. Kwa maoni yangu kazi hiyo ilistahili kutangulia. Asiyejua kwao mdudu atamtafuta wapi adui yake?

Sasa mikaratusi. Mwaka wa 2002 nyigu mwingine, mwenye asili ya Australia, alionekana Kenya na Uganda, na 2005 Tanzania. Huyu si rafiki. Hutaga katika kikonyo na mshipa wa kati wa jani, pakavimba vinundu, na mche hudumaa. Mwenye miche ya mikaratusi na autazame mshipa huo.