MAJI YA TWAHARA, MAJI YA SALAMA: FUNZO LA KIPINDUPINDU CHA UNGUJA

Bismillah. 

Ndugu zangu katika imani, kila kipindupindu kinapoingia mjini, watu wa afya hupita mitaani wakihimiza tuchemshe maji. Na kila mara hunijia swali lile lile baada ya swala: "Sheikh, maji ya kisima chetu ni twahara, tunatawadhia miaka yote. Iweje leo tuambiwe yanaua?" Swali hili si la ujinga. Leo nitalijibu kwa historia, maana jibu lake limo katika makaburi ya pwani yetu.

Kwanza tukumbuke tulichosoma chuoni. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafii wanasema maji mengi, yaliyofika qullatayn, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hii ni sahihi, na ni rehema, kwani bila hiyo tungeishi katika wasiwasi. Lakini angalia vizuri inajibu swali gani. Inajibu: je, naweza kutawadha? Haijibu: je, nikiyanywa nitaugua? Hayo ni maswali mawili, na kuyachanganya kumegharimu roho za watu.

Kijidudu cha kipindupindu ni bakteria, kiumbe mdogo asiyeonekana ila kwa hadubini. Hukaa tumboni mwa mtu, hutoka kwa haja kubwa, na choo kikivuja au mvua ikipiga, huingia kisimani. Humo habadilishi rangi, habadilishi ladha, wala haleti harufu. Akimezwa kwa wingi, hutoa sumu inayofanya utumbo umwage maji ya mwili kama bomba lililopasuka. Mtu aliyeswali Alfajiri akiwa mzima anaweza kuzikwa kabla ya Isha.

Si vijidudu vyote ni maadui. Maziwa ya mtindi, togwa na mkate ni kazi yao, na tumboni mwetu wamo wengi mno wanaotusaidia kusaga chakula. Allah hakuumba kitu bure. Lakini huyu mmoja akiingia majini ni msiba.

Sasa tuingie katika historia. Ugonjwa huu asili yake ni Bengal, huko Bara Hindi, na kuanzia mwaka 1817 ulianza kutembea duniani. Mwaka 1865, katika Hija ya mwaka 1281 Hijria, ulizuka Makka. Makadirio ya wakati ule yanasema walikufa mahujaji kama 15,000 kati ya 90,000. Walionusurika walipanda meli za moshi kurudi kwao, na ugonjwa ukafika Suez, Alexandria na Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Istanbul kujadili jambo hilo, na baadaye vikajengwa vituo vya karantini kwa ajili ya mahujaji, kikiwemo cha kisiwa cha Kamaran katika Bahari ya Sham.

Tusiseme Hija ndiyo iliyoleta ugonjwa. Palipokutana watu wengi na maji yakachafuka, uwe mkutano wa ibada, wa biashara au wa vita, ugonjwa huu ulipata njia.

Kwetu ulifika kwa njia ambayo wengi hawakuitazamia. Wakati ule Unguja alikuwepo daktari Mskochi, James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani. Alihoji wasafiri na wafanyabiashara, akafuata nyayo za ugonjwa, na mwaka 1876 akachapisha kitabu chake huko London. Aligundua kwamba safari hii haukuja na meli kutoka India. Ulitoka upande wa Bahari ya Sham, ukapita Uhabeshi, ukashuka bara mpaka nchi ya Wamasai, ukabebwa na misafara ya pembe za ndovu hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Mwishoni mwa mwaka 1869 ulikuwa umeshaingia mji wa Unguja, na mwaka 1870 ukaendelea kusini hadi Kilwa. Walikufa maelfu kwa maelfu, na waliotaabika zaidi ni wanyonge na watumwa waliorundikwa pamoja.

Na watu hao walikuwa nani? Wengi wao walikuwa Waislamu, watu wa swala tano. Visima vya mji vilichimbwa karibu na majumba na vyoo. Fundi wa fiqhi angetazama maji yale, asione rangi, asisikie harufu, aseme ni twahara. Angekuwa sawa katika hukumu yake, na watu wangezidi kufa.

Usidhani hayo yaliwapata watu wa kwetu tu. London, mwaka 1854, daktari John Snow alionyesha kwamba waliokuwa wakifa mtaa wa Broad Street walikunywa maji ya pampu moja. Mjane mmoja alikuwa amehama mtaa ule, lakini aliletewa maji hayo mbali alikokuwa, kwa kuwa alipenda ladha yake. Naye akafa. Ladha ilikuwa nzuri, na mauti yalikuwa ndani yake. Mwaka huo huo, Filippo Pacini wa Italia alimwona kijidudu chenyewe kwa hadubini, lakini hakusikilizwa. Robert Koch wa Ujerumani alikuja kumthibitisha mwaka 1884 huko India, baada ya kuanza utafiti wake Misri.

Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mji maji ya bomba kutoka chemchemi ya Chemchem. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea. Ukitaka kujenga thawabu isiyokatika, jenga choo kisichovuja na kisima kilicho mbali nacho.

Atasema mtu: ajali imeandikwa, kuchemsha maji ni udhaifu wa tawakkul. Ndugu yangu, Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, alishauriana na Maswahaba kisha akarudi. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anakimbia kadari ya Allah, jibu lake maana yake ilikuwa kwamba anaiacha kadari ya Allah na kuiendea kadari nyingine ya Allah. Maji machafu ni kadari. Moto unaochemsha maji nao ni kadari. Wewe umepewa akili ya kuchagua sufuria.

Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha tufunike vyombo, tufunge viriba, tusikojoe katika maji yaliyotuama, tusijisaidie kwenye vyanzo vya maji, na anayeamka asitie mkono chomboni kabla ya kuuosha. Sisemi kwamba Maswahaba waliijua bakteria. Nasema aliyeshika adabu hizo amemfungia mlango kijidudu hata kama hajui jina lake.

Basi tufanye haya. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe vidonge, hata yakiwa maangavu. Mtungi wa msikitini ufunikwe, na pasiwe na kata moja inayozamishwa na kila mkono. Kwenye hitma na maziko tunawe kwa maji yanayomiminwa na sabuni, si sote katika bakuli moja. Aliyekufa kwa ugonjwa huu aoshwe kwa maelekezo ya watu wa afya.

Mtu akianza kuharisha maji, msisubiri. Mpelekeni kituo cha afya, na njiani anywe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dawa hii ilijaribiwa Dhaka mwaka 1968, na mwaka 1971 iliokoa wakimbizi wengi wa Bangladesh kambini. Akitibiwa mapema, ni nadra mgonjwa kufa.

Kwa hiyo ukiulizwa maji haya ni twahara, jibu kwa fiqhi. Ukiulizwa ni salama, jibu kwa sufuria iliyochemka. Dini yetu inakutaka ujibu yote mawili, kwani kujidhuru na kuwadhuru wengine ni haramu.

Allah awarehemu waliokufa kwa maradhi haya, atulinde sisi na watoto wetu. Mfikishie na mwenzako. Wabillahi tawfiq.