Kununua kwa Mkopo: Funzo la Mwaka 1929 kwa Wanunuzi wa Sarafu za Kidijitali

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii hufundishwa watoto shuleni, lakini historia ya masoko ya fedha inaonyesha kuwa watu wazima wameisahau mara nyingi. Makala haya yanaeleza jinsi kanuni za kujihadhari katika ununuzi wa mkopo zilivyozaliwa, na sababu ya kanuni hizo kumhusu kijana wa leo anayenunua sarafu za kidijitali kwa simu yake.

Katika miaka ya 1920, bei za hisa nchini Marekani zilipanda mno. Madalali wa New York waliwakopesha wateja ili wanunue zaidi. Mteja aliweza kutanguliza dola 10, dalali akamwongezea 90, naye akashika hisa za dola 100. Hisa zenyewe ndizo zilizokuwa rehani ya deni. Bei ikipanda kwa asilimia 10, mtaji wake uliongezeka maradufu. Ikishuka kwa kiasi hicho hicho, mtaji wote ulikwisha. Hapo dalali alimtaka aongeze fedha, na akikosa, hisa ziliuzwa bila kumsubiri.

Kufikia Oktoba 1929, mikopo ya madalali ilikuwa imepita dola bilioni 8. Bei zilipoanza kushuka, hisa za walioshindwa kuongeza fedha ziliuzwa. Mauzo hayo yakashusha bei zaidi na kuwaangusha wengine. Tarehe 29 Oktoba, hisa zaidi ya milioni 16 zilibadilisha mikono. Kipimo cha Dow Jones, kilichokuwa 381 mwezi Septemba 1929, kilifika 41 mwezi Julai 1932, na hakikurejea kilipokuwa hadi mwaka 1954.

Msiba huo ulizaa sheria. Mwaka 1934, Benki Kuu ya Marekani ilipewa mamlaka ya kuweka kiwango cha chini ambacho mnunuzi wa hisa lazima atangulize. Tangu mwaka 1974, kiwango hicho ni nusu ya bei.

Sarafu za kidijitali zilikuja nje ya ukuta huo. Mwaka 2016, soko la BitMEX lilianzisha mkataba wa Bitcoin usio na siku ya kuisha, uliomruhusu mteja kushika thamani ya hadi mara 100 ya dhamana yake. Kwa kiwango hicho, bei ikienda kinyume kwa asilimia 1 tu, dhamana imekwisha. Kazi ya dalali sasa hufanywa na kompyuta, ambayo haipigi simu wala haingoji kupambazuke.

Tarehe 12 Machi 2020, dunia ilipokumbwa na hofu ya korona, Bitcoin ilianguka kutoka karibu dola 7,900 hadi chini ya dola 5,000. Kabla ya mwaka huo kwisha, ilikuwa imepita dola 20,000. Mwenye Bitcoin isiyo na deni aliweza kuvumilia na kuiona siku hiyo. Aliyekopa aliondolewa sokoni mapema, hata kama utabiri wake ulikuwa sahihi. Hapa ndipo ilipo hatari kuu ya mkopo: pamoja na kuikuza hasara, humnyima mtu muda wa kusubiri. Wakubwa nao hawakusalimika. Mwaka 2022, kampuni ya uwekezaji ya Three Arrows Capital ilielemewa na madeni, na mahakama ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza ikaamuru ifilisiwe.

Katika nchi jirani, Benki Kuu ya Burundi ilipiga marufuku biashara ya sarafu hizi mwaka 2019. Benki Kuu ya Uganda, mwaka 2022, iliwakataza watoa huduma za malipo wenye leseni kuwezesha ubadilishaji wake. Mwananchi anayeingia katika biashara ambayo dola haiitambui asitarajie dola imlinde anapopata hasara. Kwanza aijue sheria ya nchi yake.

Pale inaporuhusiwa, nidhamu huanza na hesabu. Ukubwa wa biashara upimwe kwa hasara unayoweza kuibeba, si kwa mkopo unaotolewa. Mwenye dola 500 anayehatarisha asilimia 1 kila mara, akikosea mara 10 mfululizo, bado atabaki na zaidi ya dola 450. Aliyepoteza nusu atahitaji faida ya asilimia 100 ili arudi alipoanzia. Bei ya kutokea iamuliwe kabla ya kununua, na amri yake iwekwe sokoni wakati akili ingali imetulia. Hasara isifukuzwe kwa mkopo mkubwa zaidi. Tena kila biashara iandikwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Wamarekani walingoja miaka 5 baada ya anguko ndipo wakapata sheria ya kuwazuia. Mnunuzi wa leo, ambaye soko limemwachia mlango wazi, hana budi kujiwekea mpaka wake kabla hajaweka shilingi ya kwanza.