Herufi za Mjerumani Zilizopewa Uso wa Afrika

Umeshaziona zile herufi nene zenye kona kali, kama mtu amezikata kwa panga kwenye ubao? Ziko kwenye mabango ya safari za wanyama na kwenye majalada ya vitabu vinavyohusu Afrika. Wengi tunadhani zimezaliwa huku kwetu. Hapana. Ni za Ujerumani.

Fonti hiyo inaitwa Neuland, maana yake "ardhi mpya". Aliitengeneza Rudolf Koch mwaka 1923, kwa kiwanda cha herufi za chapa cha Klingspor, mji wa Offenbach. Enzi hizo herufi za chapa zilikuwa vipande vya madini, na mfano wa kila herufi ulichongwa kwanza kwenye chuma. Kwa kawaida mtu alianza kuchora kwenye karatasi. Koch hakuchora, alichonga moja kwa moja kwa mkono wake. Ndiyo maana A ya saizi ndogo haifanani sawasawa na A ya saizi kubwa. Ni herufi kubwa tupu, hazina vijimkia. Koch alikuwa Mkristo wa kweli kweli, na zilichapa maandiko ya dini.

Zilipovuka bahari kwenda Marekani, mambo yakageuka. Watu wa matangazo waliona ule ukali wa kuchongwa, wakaona pori. Wakazibandika kwenye vitabu vya watu weusi na kwenye chochote cha "kigeni". Mwaka 1993 hata nembo ya filamu ya Jurassic Park ikaja na mtindo huohuo. Yaani Mwafrika na dinosaria wamevalishwa sare moja!

Na herufi zetu wenyewe tunazo. Waethiopia wanaandika kwa Geez tangu zamani sana. Mfalme Njoya wa Bamum, Kameruni, alibuni maandishi ya watu wake mwishoni mwa karne ya 19. Kiswahili chenyewe, huko pwani, kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini. Na Kongo, mwaka 1978, Wabeladio Payi alibuni Mandombe, maandishi yanayojengwa kwa maumbo kama 5 na 2. Hayo nayo yana kona, lakini ni kona za mtu wa kwetu.

Sisemi Neuland ni mbaya. Inasomeka kwa mbali, hata ukiwa mwisho wa foleni ya maji. Ila ndugu zetu wa mashirika, tunaomba muangalie jambo moja: bango la chanjo linapewa herufi za kawaida, halafu bango la ngoma zetu linapewa herufi za pori. Kwa nini? Sisi ni walewale, asubuhi kwenye chanjo, jioni kwenye ngoma.

Kambini kuna vijana wanaoandika ukutani kwa brashi, vizuri kabisa. Kabla ya kufungua kompyuta, waiteni hao kwanza.