Usokotaji wa Kamba katika Nchi ya Mkonge

Apitaye Korogwe akaona mistari ya mkonge iliyonyooka hata upeo wa macho, aghalabu hudhani kuwa jina na mmea vilifika nchini pamoja. Sivyo. Jina ni kongwe kuliko mmea. Hapo kale, mkonge lilikuwa jina la mmea wa porini, wenye majani manene yaliyochongoka, uotao bila ya kupandwa katika vichaka vikavu kama vile vya nyika ya Handeni. Nyuzi zilizotoka katika majani hayo ziliitwa katani, na kwa katani watu walisokota kamba za kufungia mifugo na mizigo, za kutegea wanyama, na hata za kuvutia upinde. Mmea mgeni ulipokuja ulirithi jina la mwenyeji wake.

Kazi hiyo ilitaka mikono miwili na subira. Jani lilipondwa, likaparwa mpaka nyama yake ikaisha, kisha nyuzi zikaoshwa na kuanikwa. Msokotaji alikaa kitako, akanyosha mguu, akagawa nyuzi mafungu mawili, akayashika ncha kwa mkono wa kushoto, na kwa kiganja cha mkono wa kulia akayaviringisha pajani kwenda mbele. Kila fungu lilijisokota peke yake. Kiganja kiliporudi nyuma, mafungu yakapindana kwa upande wa pili. Siri ya kamba imo katika ushindani huo: kila fungu lataka kujifungua, na fungu la pili hulizuia. Nyuzi zilipokaribia kwisha ziliongezwa mpya, walakini si kwa mafungu yote mawili mahali pamoja, maana wahenga walisema: Kamba hukatikia pabovu.

Raha ya kazi hii yaeleweka kwa urahisi. Kiganja kikishazoea huhisi unene wa uzi bila ya jicho. Basi jicho na ulimi huwa huru. Mtu aliweza kusokota huku akilinda shamba, akizungumza na jirani, au akimsimulia mjukuu hadithi, na kamba ikarefuka kadiri ya maneno. Haikuwa kazi ya kumkimbiza mtu. Alipochoka aliizungusha kamba akaiweka, akaiendeleza kesho. Na ilipokwisha, aliyeisokota ndiye aliyeitumia, naye alijua nguvu yake na udhaifu wake.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta pwani ya Tanga miche ya mkonge wa Meksiko, iliyopitia Florida. Kati ya miche 1,000 ilipona 62 tu. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba kama Ngombezi na Magunga yakaenea. Humo paja na kiganja havikuwa na nafasi tena. Manamba, wengi wao wakitoka nchi za mbali, walikata majani kwa hesabu ya mafungu, na mashine ya korona ikayaparua kwa maelfu. Katani ilipelekwa Ulaya na Marekani, ikasokotwa huko kuwa kamba za kufungia mavuno na majani makavu ya mifugo. Mkataji alilijua jani, kamba hakuiona. Mwaka 1964 nchi ilitoa takribani tani 230,000, ikaongoza duniani.

Utajiri ule haukudumu. Kamba za plastiki ziliangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwisho wa karne mazao yalishuka hata takribani sehemu moja kwa kumi. Plastiki hiyo hiyo iliingia majumbani, ikachukua nafasi ya kamba ya pajani.

Tani za korona zimeandikwa katika madaftari ya bandari; kamba za wasokotaji hazikupimwa na mtu, wala hazikutozwa ushuru, kwa hiyo hazimo katika hesabu yoyote. Ushahidi wake uliobaki ni jina lenyewe. Basi mwanafunzi wa historia asiishie bandarini. Kila asemapo mkonge, ataja, pasipo kukusudia, mmea wa nyikani na viganja vilivyoutambua kwanza.