Kabla ya sindano, Ufipa ilifuma

Wadau, leo tuongelee nguo. Mitumba na mitindo nawaachia wenye blogu zao.

Hapa Mazwi, katikati ya mji wetu wa Sumbawanga, kuna akina mama wanaokutana jioni kudarizi mashuka. Shuka moja linatandazwa magotini mwa watu wanne, kila mmoja na pembe yake. Mchoro wa maua umeshapigwa kwa karatasi ya kaboni, kwa hiyo hakuna anayebishana jani liende wapi. Ubishi uko kwenye rangi za nyuzi, na ni ubishi kwelikweli. Mwenye mshono wa mnyororo ulionyooka anapewa mashina, mwenye mkono mwepesi anajaza maua. Foronya zinaandikwa "Usiku Mwema". Shuka likiisha linakwenda kwa mmoja wao, halafu zamu inahamia kwa mwingine. Ni kama upatu, ila hapa mchango ni mishono.

Ukimuuliza mtu wa mjini kazi hii ilitoka wapi, atakujibu bila kufikiri: kwa wamisionari. Kwa upande wa sindano sina ugomvi naye. Mapadri Weupe waliichukua Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na mwaka 1907 Askofu Adolphe Lechaptois akaanzisha hukohuko shirika la masista Waafrika. Ushoni ulikuwa sehemu ya malezi ya wasichana wa misheni. Baadaye Mwingereza naye akaja na vilabu vyake vya akina mama: kupika, kushona, kufuma sweta, kuosha mtoto. Baraza la Wanawake wa Tanganyika liliundwa 1951 likiwa na mkono wa wake za wakubwa wa serikali, na mwaka 1962 UWT ikazaliwa, mwenyekiti wake wa kwanza Bibi Titi Mohamed. Siasa ikabadilika, sindano ikabaki.

Mimi nagoma kwenye hatua inayofuata, pale mtu anapomalizia kwamba kabla ya hapo Mfipa alikuwa anasubiri afundishwe maana ya uzi.

Karne ya 19 Ufipa ilikuwa ikivaa nguo iliyofuma yenyewe, na nyingine ikiuzwa kwa majirani. Uwanda wetu una baridi, pamba haiupendi, hivyo ililimwa chini kwenye joto la bonde la Rukwa. Ikachambuliwa, ikasokotwa kwa kijiti, uzi mmoja mmoja, kisha ikafika kwenye kitanda cha mfumi. Msidhani ni mashine ile ya kusimama mliyoiona kwenye picha za viwanda vya zamani Ulaya. Nyuzi zilitandazwa karibu na ardhi, zikavutwa kati ya vigingi, na mfumaji akakaa chini kabisa akipitisha uzi wa kukatiza, mara kulia, mara kushoto. Nguo iliyotoka ilikuwa nzito, ya kudumu. Na aliyekaa pale chini kwa kawaida alikuwa mwanaume. Ndiyo, mwanaume.

Sijatunga. Wasafiri wa Kizungu waliopita pande hizi miaka ya 1870 na 1880 waliiandika kazi hiyo. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu uchumi wa Afrika Mashariki kabla ya ukoloni, aliiweka nguo ya pamba pamoja na chuma na chumvi kama viwanda vyetu vya asili. Roy Willis, Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, naye ameieleza.

Sasa ilikufaje? Haikufa siku moja. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na vitambaa vya viwanda vya Massachusetts vikamiminika pwani. Ndiyo maana bibi zetu waliita kitambaa kile "merikani". Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliipunguza bidhaa hiyo, lakini Waingereza na Wahindi wakaziba pengo. Kwa miaka mingi umbali kutoka pwani uliilinda nguo ya Ufipa, maana mzigo wa kichwani unaongezeka bei kila kituo. Kilichokuja kumbana mfumaji vibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni kodi. Mjerumani alipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, vijana walilazimika kutafuta fedha taslimu, na miongo iliyofuata ikawapeleka wengi kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Kijana anayekata mkonge Tanga hawezi kukaa kwenye kitanda cha mfumi bondeni Rukwa. Waliobaki nyumbani walikuwa akina mama, na waliofuatwa na sindano ni haohao.

Chuma kimepata bahati. Matanuru ya kuyeyushia, yale yanayoitwa malungu, marefu kama mita tatu, mengine bado yamesimama uwandani. Mwalimu anaweza kupeleka darasa zima likayashika. Nguo inaliwa na mchwa. Kwa hiyo mhunzi wa Kifipa tunamjua, mfumaji tumemsahau, na kijana wa Sumbawanga akishika sindano leo anachekwa kwamba anafanya kazi za kike. Lamu au Unguja mwanaume anayedarizi kofia hachekwi na mtu.

Kilichobaki ni neno. Angalieni tunavyosema "kufuma kitambaa" tukimaanisha kile cha kochi kinachofumwa kwa ndoano moja. Kitenzi ni kilekile cha mfumaji wa bondeni, kimehama tu kutoka kitanda hadi ndoano, kutoka mkono wa baba hadi mkono wa mama.

Ninachokitafuta sasa ni majina ya vile vifaa: vigingi, kijiti cha kusokotea, ubao wa kubana uzi. Kila kimoja lazima kiliitwa kitu kwa Kifipa. Mwenye babu kule bondeni, ambaye labda alisikia kwa baba yake, amuulize likizo hii, tena aandike kama anavyotamka mzee mwenyewe.