Kamusi ya Eldoret

Programu yangu ya kwanza iliishi miezi mitano. Niliiunda nikiwa mwaka wa tatu chuoni, kwa ajili ya zahanati moja ndogo, na kila swali la fomu ya mgonjwa nililipa safu yake kwenye jedwali la hifadhidata. Kisha fomu ikabadilika. Maswali manne yaliongezwa, mawili yakafutwa, nami nilikuwa kwenye mitihani. Niliporudi, muuguzi alikuwa amerejea kwenye kaunta buku yake. "Hii haijawahi kunikatalia kitu, mwanangu," aliniambia.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na nimegundua kuwa kosa langu lina umri mkubwa kuliko mimi. Mwaka 1972 David Parnas alichapisha makala kuhusu namna ya kuigawa programu. Mazoea yalikuwa kuigawa kwa kufuata hatua za kazi: soma, panga, chapa. Yeye alishauri uanze kwa kuorodhesha maamuzi magumu na yale yanayoelekea kubadilika, kisha kila uamuzi uufiche ndani ya sehemu moja. Ukibadilika, unakarabati chumba kimoja, huibomoi nyumba.

Jibu la tatizo langu mahususi nililikuta Eldoret. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, jirani na mji huo, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Huduma za VVU zikapanuka haraka, na mwaka 2004 madaktari wawili kutoka Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika wakaona mfumo uliokuwepo hautabeba mzigo huo. Usanifu waliouanza ndio uliozaa OpenMRS.

Kiini chake ni kamusi. Uzito, CD4, aina ya dawa: kila kimoja ni dhana iliyosajiliwa humo, na kila jibu la mgonjwa ni mstari unaotaja dhana yake. Likija swali jipya, unaongeza dhana, jedwali haliguswi. Gharama ipo, maana taarifa za mgonjwa mmoja hutawanyika katika mistari mingi, na kuzikusanya kwa uchambuzi ni kazi. Lakini gharama hiyo huilipa mtu wa kompyuta, si muuguzi mwenye foleni mlangoni.

Nikiikumbuka ile kaunta buku, naona muuguzi alinitangulia. Haikuwa na safu, ilikuwa na mistari tu. Chochote kilichokuja, alikiandika kwenye mstari uliofuata.